Matangi Matano ya Kwanza

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekwenda kununua lori kwenye mizani.

Mizani ninayosema ni ile ya barabarani ya kupimia malori, si ya sokoni ya kupimia maharage. Nimeendesha malori miaka thelathini na mmoja, Dar mpaka Tunduma na kurudi, na katika miaka yote hiyo sijawahi kuona mizani ikiuza kitu. Lakini ndotoni niliona ni jambo la kawaida kabisa, hata nikajilaumu kwa kuchelewa kuja.

Kabla sijaendelea, mjue kwanza kwa nini niliota malori. Binti yangu Editha, anayekaa Dar, alinitumia picha za malori madogo, urefu wake kama kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole. Si yale ya watoto ya kuvuta kwa kamba. Haya yana injini ya kweli inayounguza mafuta makali yanayoitwa naitro, na mwenyewe unasimama pembeni unaliendesha kwa rimoti. Yanatoka dukani yakiwa yamekwisha fungwa kila kitu, na yana mbio za kutisha. Editha akasema, "Baba, chagua moja leo au kesho, kuna mtu anakuja huko atakuletea." Nikamwambia mtu mzima aliyevuta tela la tani thelathini hachezei midoli. Nikakata simu. Halafu nikaziangalia zile picha mpaka simu ikaisha chaji.

Ukweli ni huu, na nausema bila kuzunguka. Tangu kiharusi kinipige, huu mwaka wa tatu, mguu wa kulia haunitii. Mkono ulirudi. Mdomo nao ulirudi, na mke wangu anasema ulirudi na nyongeza. Mguu wa mafuta ndio uliogoma. Natembea na fimbo, polepole mpaka kuku wananipisha kwa huruma, na geti langu sijalivuka kwa miguu kwa sababu naona haya. Hapa Makambako malori hayalali, kutwa kucha nayasikia yakibadilisha gia pale barabarani. Nilikuwa naogopa kwamba sitaendesha tena chombo chochote mpaka nife. Na nikikubali kile kidude cha rimoti, niliona nitakuwa nimekiri kwa mdomo wangu.

Basi, nimefika kwenye mizani. Ni saa sita mchana, jua limesimama utosini.

"Kamwene, mzee," mizani ikanisalimia.

"Kamwene."

"Panda nikupime."

"Sina mzigo," nikasema.

"Wote husema hivyo."

Nikapanda. Sindano ikazunguka, ikarudi, ikazunguka tena. "Umebeba haraka, tani nne na nusu," mizani ikasoma. "Umezidisha. Na kuna nyingine humu ya zamani, imeshika kutu. Hii ulipakia wapi?"

Nikaitambua. "Kitonga," nikasema kwa sauti ndogo.

Zamani nilikabidhiwa lori lililotoka kufungwa injini mpya. Tajiri akaniambia, "Mdegela, mwendo wa arobaini mpaka Tunduma, usizidishe hata nukta, mpaka vyuma vizoeane." Nikavumilia mpaka Mikumi. Wenzangu wananipita wananipigia honi za kejeli, mmoja akanitolea kichwa dirishani kuniuliza kama nimebeba mayai. Kufika Kitonga nikashindwa. Nikakanyaga. Injini ikanoki katikati ya mlima, nikakaa pale siku tatu nakula mahindi ya kuchoma. Tajiri nilimwambia ni pampu ya maji. Mke wangu pia nilimwambia ni pampu ya maji.

"Pampu ya maji," mizani ikasema, wala haikucheka.

Nikasubiri inipe ile methali ya haraka na baraka. Haikunipa. Ilinionyesha mlango tu, ikasema, "Haraka haishushwi hapa, inaishia njiani. Ingia uchague."

Ndani yapo malori madogo manne, yamefungwa kamba miguuni kama mbuzi wa sikukuu. Pembeni kuna maboksi matatu matupu yaliyopasuliwa. Kila boksi limeandikwa kwa herufi kubwa: TAYARI KUKIMBIA.

"Haya matatu yako wapi?" nikauliza.

"Yalikimbia."

"Yalikimbia kwa nini?"

"Yalikuwa tayari," mizani ikajibu.

Nikalisogelea lori la kwanza, jekundu, limeng'arishwa mpaka nikajiona ndevu. Likanitazama kwa taa zake kutoka juu mpaka kwenye fimbo. "Mimi nakwenda kilomita mia kwa saa," likasema. "Wewe je?"

"Mimi nakwenda chooni na kurudi."

"Kwa saa?"

"Kuna siku," nikasema.

La pili lilikuwa na matairi makubwa kuliko mwili, likataka kujua kama naruka. Nikaliambia mara ya mwisho niliruka kwenye harusi yangu. Likageukia ukuta. La tatu ndilo lililonichoma. "Mimi gia nabadilisha mwenyewe," likasema. "Dereva wa nini?" Na hilo ndilo swali ninalojiuliza kila nikilisikia lori likipanda pale barabarani.

La nne lilikuwa la kijani, limekaa kwenye gunia nyuma kabisa. Lenyewe lilianza na adabu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Samahani kwa kuuliza. Unatembea kwa mwendo gani?"

Nikataka kudanganya. Lakini mtu akikuamkia vizuri, kumdanganya kunakuwa kugumu. "Polepole," nikasema.

"Polepole kiasi gani? Naomba unionyeshe."

Nikatembea. Fimbo, mguu mzima, halafu ule mwingine nikauburuta, mpaka ukutani na kurudi. Yale matatu yakazima taa kwa aibu, mimi jasho likanitoka. Lile la kijani likashusha springi zake mpaka tumbo likagusa gunia.

"Huo huo," likasema. Sauti yake ilitetemeka. "Miezi saba nimekaa hapa namngoja mtu wa mwendo huo. Injini yangu haijawahi kuwashwa. Matangi matano ya kwanza natakiwa niende kwa mwendo wa mtu anayetembea, mafuta mengi, moshi mwingi, mpaka vyuma vizoeane. Ndipo nitakimbia kama nilivyoumbwa. Wote wanaokuja hapa wanataka kukimbia leo leo. Wataniua, mzee."

Naomba niseme nilivyojisikia. Miaka mitatu watu wananionea huruma kwa mwendo wangu, na mimi mwenyewe nimeuchukia. Leo mtu ananililia kwa ajili ya mwendo huo huo.

"Fungua hili," nikaiambia mizani. Ikalifungua, ikanipa na rimoti yake.

Nikavuta kamba ya kuwashia, mara ya kwanza kimya, mara ya pili kikohozi. Mara ya tatu injini ikaitika, injini yenyewe ndogo kama kitunguu, sauti yake ikaniingia mpaka kwenye meno. Moshi wa buluu ukatoka na harufu tamu, kali, ambayo sikuwahi kuinusa na bado nikaijua. Nikafungua mlango ili tutoke kwenye uwanja wa mizani, na nje hakuna uwanja. Nje ni Kitonga, chini kabisa mwanzo wa mlima, na barabara inapanda mbele yetu.

Tunapanda. Lori linatangulia hatua kumi, linasimama, linanisubiri. Nikilifikia linatangulia tena. Kila linaposimama, silensa yake inadondosha kitone kimoja cha mafuta barabarani. Tangi lake linajaa kwa kikombe kimoja cha kahawa, na kikombe ninacho mfukoni, sijui kimetoka wapi. Tangi la kwanza linaisha kwenye kona ya kwanza. Kazi ya namna hii haina maneno.

Katikati ya tangi la pili malori makubwa yanaanza kutupita. Ni yale yale ya mwaka ule, honi zile zile. Kichwa kinatoka dirishani. "Mdegela! Umebeba mayai?"

"Nibane," sauti nyembamba inasema.

Ni skrubu ya kabureta, ile inayopunguza na kuongeza mafuta. Inachungulia ubavuni mwa injini. "Nibane robo tu. Mafuta yapungue, moshi ukatike, uone kitakachotokea. Utawapita wote. Wanakutazama, mzee."

Nikaona bisibisi imo mkononi mwangu. Nikainama. Nilitaka, siwafichi. Mkono wangu ulitaka kuliko nilivyotaka mimi.

Lori la kijani limesimama, linaunguruma kwa upole.

"Mbona huniambii nisibane?" nikalifokea.

"Dereva ni wewe," likasema.

Tangu niugue nimeitwa mgonjwa, nimeitwa babu, na pale hospitali niliitwa kitanda namba tisa. Dereva nilikuwa sijaitwa miaka mitatu. Nikasimama wima, nikaitupa bisibisi korongoni. Ikashuka inazunguka kwenye jua, ikinishukuru kwa kuiondolea lawama. Skrubu ikarudi ndani, ikasema haikuwa na nia mbaya, ni kazi yake tu.

Tangi la tatu. Tangi la nne. Kona baada ya kona, hatua kumi na kusubiri, hatua kumi na kusubiri. Honi zimepungua, kisha zimekoma. Tangi la tano linaishia kileleni, mahali ambapo mwaka ule sikufika. Najaza kikombe cha sita. Namwaga kidogo, lori linasema si neno.

Sasa injini inatoa mlio mwingine. Mkwaruzo wote umekwisha. Inaimba sauti moja, nyororo, kutoka chini mpaka juu.

"Vimezoeana," lori linasema. "Kanyaga."

"Mguu wangu haukanyagi."

"Nani kakwambia mafuta yako mguuni?" linauliza kwa mshangao wa kweli. "Yako kidoleni."

Natazama rimoti. Kidole changu cha shahada kiko juu ya kifyatulio, kizima, kinanitii. Nakivuta.

Jamani. Lori linatoweka mahali lilipokuwa. Linakuwa mstari wa kijani barabarani, halafu sauti yake ndiyo inafuata. Linashuka Kitonga kwa mbio ambazo sijapata kuziona katika maisha yangu, mimi niliyeona mengi, na kila kona nazungusha usukani mdogo na linanisikia, linainama, linanyooka, linakwenda. Gia ya pili inaingia na kifua changu kinaingia nayo. Changarawe zinaruka pembeni. Hewa inafunguka mbele yake na kujifunga nyuma yake. Malori yote ya mlimani yamezima injini, na madereva wameshuka wamesimama kando ya barabara, kofia mkononi. Hakuna anayeuliza habari za mayai. Yule wa dirishani anafuta macho kwa kitambaa cha kufutia dipstiki.

"Nani anaendesha?" mmoja anauliza.

"Mdegela," wanamjibu.

Nalia kwa sauti, mdomo wazi, sioni haya. Naendesha. Naendesha kwa kidole kimoja, na mlima wote uko mkononi mwangu.

Lori limekuwa nukta kule bondeni, kisha hata nukta haipo. Sauti imekatika. Nashtuka, halafu nakumbuka nilivyosoma kwenye zile picha: likifika mahali ambapo rimoti haisikiki tena, lenyewe linashika breki na kusimama. Limefika mwisho wa masikio yake. Liko huko linanisubiri, na hakuna njia nyingine ila nilifuate.

Nikaweka fimbo mbele, nikaanza kushuka. Hapo nikaamka.

Kumepambazuka. Nje nasikia ufagio, halafu ufagio umesimama. Mke wangu akachungulia dirishani, kitambaa kichwani, uso wa mtu anayetafuta wa kumlaumu.

"Baba Editha, nani kapitisha kitu uani kwangu? Nakuta mistari miwili myembamba, kama ya matairi, toka mlangoni mpaka getini. Nimefungua geti, nakuta imeendelea mpaka kule barabarani."

"Umefagia?" nikauliza.

"Bado. Na kinamwaga mafuta, hicho kitu. Kila hatua kumi kitone. Kilikuwa kinasimama simama nini?"

Nikatoka, nikainama kwa kushika mlango, nikagusa kitone cha kwanza kwa kidole. Kilikuwa bado kibichi, na harufu ni ile ile, tamu na kali.

"Kilikuwa kinamsubiri mtu," nikasema.

Nikamwomba anipe simu yake, nikampigia Editha, nikamwambia anichagulie la kijani, na anunue na mafuta ya matangi sita. Editha akaanza kucheka, kisha nikasikia kicheko kimebadilika kuwa kitu kingine. Nikamrudishia mama yake simu wamalizane wenyewe, nikashika fimbo.

Mistari ilipita katikati ya geti. Nikapita. Jirani, mama Tumpe, alikuwa anateka maji, akaacha ndoo ikafurika. Nikamsalimia kama vile napita hapo kila siku.

"Baba Editha!" mke wangu akaniita nyuma. "Unakwenda wapi na chai imeiva?"

"Niko tangi la kwanza, mama," nikamjibu bila kugeuka. "Usiniharakishe."

Nikafika kwenye kitone cha pili, nikapumzika, nikaendelea na cha tatu.