Kurasa za Chumvi

Tulikimbilia Kibondo mwaka 1972. Kaka wawili wa mke wangu, Immakulata, walikuwa wameuawa Burundi, na aliyewaua hakujulikana. Huku nilijifunza Kiswahili kwa kusoma hadithi za mauaji.

"Baba Esteri, maiti ulizoziona hazikukutosha?" aliniuliza.

"Humu vitabuni mtu mmoja akiuawa, muuaji hutafutwa mpaka apatikane."

Tangu hapo alitaka nimsomee kila jioni, akichambua maharage. Siku tuliyokaribia mwisho wa kitabu kimoja, nilikuta kurasa za mwisho zimechanwa. Nilikwenda dukani kwa Bi Kuruthumu, aliyeniuzia kitabu hicho.

"Kurasa hizo niliwafungia wateja chumvi," alisema. "Nachana za nyuma tu, mwanangu, ili kitabu kisiharibike."

Nilirudi nikamweleza mke wangu.

"Basi hata muuaji huyo hatapatikana," alisema, akaendelea kuokota mawe kwenye maharage.