Siku Vivuli Vyetu Vilipowekwa Ndani

Usiku wa kuamkia leo, usingizini, nilimwona shemeji yangu Mhoja amekaa sebuleni kwangu anakunywa chai. Mhoja ni kaka wa mke wangu. Chama chake kinatawala, changu kinapinga, na tangu uchaguzi tulikuwa hatujasalimiana.

Redio ikakohoa, ikatangaza sheria mpya: kuanzia saa hiyo, marufuku watu zaidi ya wawili kukusanyika bila kibali.

"Sheria nzuri," akasema Mhoja. "Inaleta utulivu."

"Inatunyima uhuru," nikamjibu.

"Mko wangapi humo ndani?" redio ikauliza.

"Wawili."

"Naona wanne. Vivuli hamkuvihesabu."

Kivuli changu kinabanduka ukutani, kinanyoosha mikono. Redio inakifunga kwa waya wake na kuondoka nacho.

"Kama hakina kosa kitarudi," Mhoja akaniambia, akaongeza sukari.

Redio ikarudi. "Bado mko watatu," ikasema, ikakamata na kivuli cha Mhoja.

Mhoja alitazama sakafu tupu. "Lakini mimi nina kadi ya chama," akasema taratibu.

"Kadi iko mfukoni mwako. Kivuli hakina mfuko."

Tukatoka mbio kuifuata redio. Mlango wa sebule ukatutoa moja kwa moja mahakamani. Hakimu ni birika kubwa linalochemka. Vivuli vyetu viko kizimbani, bega kwa bega, vinanong'onezana kama marafiki wa siku nyingi. Niliona aibu.

"Dhamana ipo," birika likasema. "Kila mmoja adhaminiwe na mpinzani wake, aape kwamba mwenzake ana haki ya kusema."

"Hata akisema upuuzi?" akauliza Mhoja.

"Akisema ya maana atahitaji dhamana ya nini?"

Mhoja akainua mkono. "Shemeji yangu husema upuuzi," akaapa, "na aachwe aseme."

Nami nikaapa vivyo hivyo. Tukachovya vidole gumba kwenye wino wa kijani, tukavigandamiza kwenye karatasi ya dhamana.

Mke wangu akanitikisa. "Amka, kaka yuko kwenye simu."

"Habari za asubuhi, shemeji," Mhoja akasema, kana kwamba tuliongea jana. "Samahani kwa swali hili. Kidole gumba chako kina rangi gani?"

Nikakitazama. "Kijani."

"Na changu," akasema. "Nimekisugua kwa sabuni, rangi haitoki."