Mkono wa Beda

Mume wangu Saimon hakuwahi kuonja pombe ya komoni, lakini nusu ya mtaa wetu wa Mfaranyaki ilimwita mlevi. Ugonjwa wa ukoo wao huanzia miguuni. Mtu anaanza kupepesuka njiani kama aliyetoka kilabuni, kisha ulimi unakuwa mzito, kisha kitanda, kisha kaburi. Baba mkwe alikwenda hivyo. Saimon na dada yake Benigna walikuwa wameshafika kitandani. Miaka ile kila mtu Songea alikuwa amefungua genge au anauza mitumba, ila muda wa kumcheka jirani haukukosekana.

Mimi ni mwalimu, nimetokea Singida, na mdomo wangu hauna pazia. Niligombana na wacheka watu mpaka nikachoka.

Ndiyo maana daktari Brayson alipokuja kutoka Dar es Salaam kuuchunguza ugonjwa huo nilimchinjia kuku. Alituketisha sebuleni: mimi, binti yangu Dorine, na ndugu wawili wa mume wangu ambao ugonjwa uliwaruka, kaka mkubwa Beda na dada yao Lukresia. Akaeleza kwamba watu wote tuna jeni zilezile, maelfu kwa maelfu, lakini hazifanyi kazi kwa nguvu moja.

"Fikirieni redio nyingi ndani ya nyumba," alisema. "Kwa mgonjwa kuna moja imezimwa, au imefunguliwa mpaka mwisho. Tukilinganisha damu ya wagonjwa na ya ndugu zao wazima, tutaijua ni ipi. Tukishaijua, tutaweza kumpima hata ambaye hajaanza kuumwa."

Dorine akainua kichwa. William, kijana wa Lusewa, alikuwa ameleta posa, naye alikuwa hajajibu.

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Ila tuipate kwanza."

"Basi William atasubiri," alisema Dorine. "Siwezi kuzaa watoto nisiojua ninawarithisha nini."

Siku ya kutoa damu nilikuwa nasimamia mtihani wa darasa la saba, na Dorine alikuwa dukani kwenye kazi yake ya kuuza vitambaa. Daktari alibaki garini akishughulika na mtungi wake wa baridi, maana damu ile ikikaa vibaya haifai tena. Nesi wa kukodi ndiye aliyekaa barazani kwetu akiita majina. Niliporudi jioni nilikuta kila kitu kimekwisha, na Beda amejilaza kwenye mkeka, ana pamba kwenye mikono yote miwili. Nilidhani mshipa wa kwanza uligoma.

Saimon alifariki wakati wa Kwaresima. Benigna akamfuata kabla ya mavuno ya mahindi.

Daktari aliporudi, mvua zilikuwa zimeanza. Alitupa pole, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Mama Dorine, tumepima na kurudia," alisema. "Damu za wagonjwa na za wazima zinafanana. Hakuna redio iliyozimwa, hakuna iliyozidi. Wafadhili wamefunga mradi."

Nilimtazama Dorine. Alikuwa anakaza macho sakafuni.

Beda peke yake ndiye aliyetikisa kichwa kwa kuridhika. "Zitaachaje kufanana, daktari? Mtu na mlongo wake, ndugu wa tumbo moja, damu ni moja. Ile ya Saimon si nilitoa mimi?"

Daktari aliinuka kitini.

"Ulitoa wewe?" daktari aliuliza.

"Saimon alikuwa mifupa mitupu. Nikatoa yangu mkono wa kushoto, na yake mkono wa kulia. Lukresia akatoa ya Benigna. Nesi alipoita Saimon nikamwambia, nipo kwa ajili yake. Akaandika."

"Lakini kwa nini, mzee wangu?"

Beda alimtazama kwa huruma. "Mgonjwa anatolewa damu tangu lini? Hospitali zote ndugu ndiye anayetoa, na chupa inaandikwa jina la mgonjwa. Benigna alipojifungua vibaya nilimtolea hivyohivyo, akapona."

Nilitaka kumpiga. Nilimchukia mzee yule, na nilijua hakuna aliyempenda mume wangu kuliko yeye. Yote mawili yamo ndani yangu mpaka leo. Hasira iliyobaki nikammwagia daktari.

"Na nyinyi na mitungi yenu, hakuna aliyeuliza mkono ni wa nani?"

Daktari alisema taratibu, "Nilihitaji damu ya mgonjwa aliye hai. Hata mrija mmoja ungekuwa mwanzo, ningeupima hata bila mradi. Hakuna mwingine katika ukoo?"

"Hakuna," nilisema upesi.

"Yupo," alisema Dorine.

Alisimama, akashika mgongo wa kiti. Tangu Pasaka nilikuwa namwona akitoka jikoni ameegemea ukuta, nikijiambia ni utelezi. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami niliijua methali hiyo tangu utotoni, nikawa naificha pamoja na ugonjwa.

"Posa ya William nilishairudisha, mama," alisema. "Sikujua nikuambieje."

Nililia mbele ya mgeni, bila aibu. Daktari alikwenda garini kutafuta mirija iliyobaki. Aliporudi, Beda alikuwa ameshakunja shati na kuulaza mkono wake wa kulia juu ya meza, machozi yanamtiririka.

"Umekonda, mwanangu," alisema. "Uniache nikutolee."

Dorine aliuinua ule mkono, akaubusu, akaurudisha pajani kwa mzee.

"Hapana, baba mkubwa. Hii lazima itoke kwangu."

Akanyoosha wake. Ulikuwa unatetemeka hata daktari akashindwa kuupata mshipa, ikabidi niushike mimi ili sindano iingie.