Gari la Bibi Harusi Halirudi Nyuma

“Babu, sogea! Umekanyaga kapeti la watu!”

“Sisogei. Mimi ndo mkubwa hapa. Nimezaliwa kiwanda hakijaezekwa bati.”

“Ukubwa gani huo, wakati bampa yako inaishia kwenye kabati la vyombo? Yangu inaishia kwa jirani!”

Ndoto ya kuamkia leo ilinikuta hapo, ugomvi umeshakolea, wala sikuambiwa umeanzaje. Magari matano yamejaa sebuleni kwetu, Mbeya, yote Regento, toleo la kwanza mpaka la tano, yamepangwa kwa umri. Dada yangu Tusekile amesimama juu ya kochi, shela kichwani, anapiga makofi kama mwalimu wa zamu.

“Jumamosi naolewa,” anasema. “Nani ananibeba?”

Wote wakanigeuzia taa mimi.

Sasa niseme kidogo mambo ambayo si ndoto. Tusekile anaolewa kweli Jumamosi hii, anahamia Songea. Mama alitangulia zamani, baba alimfuata mwaka jana. Kwa hiyo ikifika Jumapili nyumba nzima nabaki mimi na cheti changu cha kidato cha sita. Na Regento ya baba, toleo la nne, nyeusi, ndefu, ambayo alibebea maharusi wa mji huu miaka kumi na minne.

Iko uani, pua imegusa ukuta. Siku aliyougua baba aliiingiza hivyo, kwa mara ya kwanza, hana nguvu ya kuigeuza. Kila Jumapili naiwasha, naisikiliza, naizima. Kutoka haitoki, maana njia ni kinyumenyume tu, na baba alikuwa na sheria moja: gari la bibi harusi halirudi nyuma. Likirudi, na bibi harusi atarudi kwao. Kuna siku alijikuta kwenye kichochoro kilichozibwa kule Uyole, bibi harusi yumo ndani. Wakwe wakabomoa uzio wa mtu ili apite kwa mbele. Jumatatu wakaenda kuujenga.

Tusekile anataka kuolewa na gari la baba. Mimi nikamwambia sheria. Tumegombana siku tatu, jana akasema, “Basi baki nalo!” akaenda kukodi gari jeupe, lile la kwenda juu, la kupandia kwa ngazi. Hapo ndo nikalala.

Basi, sebuleni, wa kwanza akakohoa moshi wa bluu.

“Kijana, sisi tulitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, wa kiti cha nyuma. Mhandisi aliweka glasi ya maji pale, akaendesha mwaka mzima. Likimwagika tone, anaanza upya.”

“Lilimwagika?”

“Mara moja. Alipiga chafya. Akashuka, akaiomba radhi glasi.”

Wa pili akadakia. Kwao kila mtoto lazima ampite kaka yake urefu kwa kiganja kimoja, maana washindani walikuwa wanaongeza kidole kila mwaka. Meneja alikuja na rula asubuhi, kabla ya chai. Akawa anaongea huku anarefuka. Ukuta ukapasuka kistaarabu, akapenya. Upande wa pili Mama Anyisile akapiga kelele, “Jamani nyie! Taa yenu inaniangalia naoga!”

“Samahani, mama,” wa pili akasema. “Sina ninavyofanya. Ni sera ya kampuni.”

“Mimi,” akasema wa tatu, “walinipeleka soko la nje.”

Hapohapo tuko nje, sokoni Mwanjelwa, kapangwa juu ya meza kati ya viazi na parachichi. Mama muuzaji anampangusa kwa kanga. “Kaka, chukua huyu, hajasinyaa! Nakuongezea na mlango!” Watu wanambonyeza boneti kwa kidole gumba, wanaambiana bado hajaiva, wanapita. Walimbadilisha jina mara tatu ili azoeleke. Hakuna aliyeliita hata moja.

“Nimekaa miaka sita juu ya meza,” ananiambia.

“Ulikuwa unafanya nini?”

“Nawaangalia walionunua wengine.”

Nikanunua parachichi.

Wa nne, wa baba, alikuwa nyuma ya wenzake, uso wote umefungwa bandeji. Toleo lake lilibadilishwa sura katikati ya maisha, taa mpya, midomo mipya, ili wateja warudi. Nikaanza kumfungua taratibu. Bandeji ilikuwa utepe wa harusi, mweupe na wa waridi. Ndani hamna hata kidonda.

“Walirudi?”

“Thubutu! Nikauzwa mtumba. Baba yako ndo akaniokota, akaniuliza kama napenda utepe. Hakuna aliyewahi kuniuliza ninachopenda.”

Wa tano alikuwa bado ndani ya nailoni, anaongea kama mtu aliyejifunika blanketi. Alizaliwa watu wameshahamia kwenye yale magari ya kwenda juu. Kiwanda kilizima taa akiwa bado anaoshwa, tena sabuni haijaisha.

“Sijawahi kukaliwa,” akasema.

“Hata na dereva?”

“Dereva siyo kukaliwa. Dereva ni kazi.”

Hapo babu yao akafungua kijidroo chake cha mbele, akatoa kitabu, akavaa miwani juu ya taa. Akasoma: “Regento asiye na mtu kiti cha nyuma si Regento. Ni chuma.” Akafunga kitabu. “Huyu wa nne tulimpa mwaka mmoja wa msiba. Unaisha Jumamosi jioni.”

Nikaangalia. Kweli, mkia wake umeshaanza kuota kutu, na kutu yenyewe inatembea, nasikia inatafuna.

“Nakaa mimi,” nikasema.

Mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe. Sijawahi kukaa kile kiti maishani, baba hakuruhusu. Nikakaa. Mlango wa Regento haubamizwi, unausogeza kidogo tu, halafu unajivuta wenyewe, *fu*, kama mtu aliyekumbuka kitu. Pembeni yangu, juu ya kiti, kuna glasi ya maji.

Mbele, kwenye usukani, baba. Shati jeupe, pini za utepe zimejaa mdomoni, vile alivyokuwa akipamba gari.

“Tunaelekea wapi, mheshimiwa?” akauliza. Hakugeuka.

“Baba, ni mimi. Ambakisye.”

“Dereva haulizi jina, mheshimiwa.”

Tukaondoka. Barabara ni ua wetu uleule, ila hauishi. Kushoto na kulia viti vya plastiki vyeupe, maelfu, vimevalishwa vitambaa, havina mtu. MC anatangaza, “Tuanze na meza kuu, wengine mtafuata kwa utaratibu.” Hakuna anayesimama. Sahani zimepangwa, wali unatoa moshi. MC anasema, “Taratibu jamani, chakula kipo cha kutosha.”

Injini haisikiki kabisa. Ndivyo walivyotaka kule kiwandani, mtu wa nyuma asisikie chochote. Nakwambia, ukikaa nyuma ya Regento unasikia mate yako yakishuka kooni.

“Baba, tubaki humuhumu,” nikasema. “Tusifike.”

“Gari la maharusi huwa linafika, mheshimiwa. Kuchelewa tutachelewa, hiyo sikatai.”

Mara ukuta. Ukuta wetu, na lile tofali lenye alama ya mpira wangu. Regento ikasimama, pua imeugusa. Maji kwenye glasi hayakutikisika.

“Si unaona!” nikasema, sauti imenipanda. “Namwambia Tusekile hanielewi! Haitoki! Halirudi nyuma!”

Baba akatoa pini mdomoni, mojamoja, akazichomeka kwenye mkono wa shati.

“Amba,” akasema.

Nikakaa vizuri.

“Miaka kumi na minne, ulikuwa unaniona naingiaje uani?”

Nikafikiria. “Kinyumenyume.”

“Kila jioni?”

“Kila jioni.”

“Ndani ya gari kuna nani?”

“Hamna mtu.”

“Haya. Halirudi nyuma bibi harusi akiwemo. Likiwa tupu linarudi kama magari ya watu wote. Hukujua hilo?”

Nilijua. Nani asiyejua? Mimi ndo nilikuwa nasimama getini namwelekeza, njoo, njoo, kata kulia, basi.

“Au hutaki dada yako aende?”

Nikageukia dirishani, nikaanza kuhesabu viti.

“Anaenda tu, mwanangu. Kwa hili au kwa lile la ngazi, anaenda. Wewe chagua atabebwa na nani.” Akapitisha mkono juu ya bega bila kugeuka, akanipa pini moja, yenye kichwa cheupe. “Anzia katikati ya boneti. Ukianzia pembeni, utepe unakwenda upande.”

“Baba, geuka kidogo.”

“Dereva hageuki, Amba. Ndo maana akawekewa kioo.”

Nikainua macho kwenye kioo. Alikuwa ananiangalia. Nafikiri alikuwa ananiangalia tangu tunaondoka, mimi nilikuwa nahesabu viti.

Nikapiga chafya, au nililia, sijui. Glasi ikamwagika.

Kuamka, kumekucha, baridi ya Mbeya inapita chini ya mlango. Tusekile yuko jikoni na simu, anagonga sufuria kwa makusudi ili nijue bado amenuna. “Ee kaka, Jumamosi saa nne. Hilohilo jeupe. Sisi la kwetu halitoki, lina mwenyewe.”

Kitu kikanichoma shingoni. Nikapapasa kwenye kola ya fulana. Pini, kichwa cheupe, imechomekwa vizuri. Pini za baba tulimzika nazo, kopo zima, mimi ndo niliyeliweka. Na hii ilikuwa na unyevu, kama imetoka mdomoni mwa mtu sasa hivi.

Nikairudisha palepale kwenye kola. Nikavaa suruali, nikachukua funguo msumarini.

“We, unakwenda wapi na hizo funguo?” Tusekile akauliza.

“Kulirudisha nyuma.”

Mwiko ukabaki hewani. “Lini umeanza kulirudisha nyuma?”

“Likiwa tupu linarudi. Njoo getini unielekeze.”

Akaniangalia, akaiangalia simu, kama ile simu ndo ingemweleza. Macho yakaanza kumlowa, naye hakupangusa. “Kaka,” akaiambia simu, “hebu subiri kwanza. Nitakupigia.”

Nikatoka. Mlango wetu wa mbele umevimba, tangu nizaliwe usipoubamiza haufungi. Niliusogeza kidogo tu kwa nyuma. Ukajivuta wenyewe, *fu*, ukafunga.