Kona ya Ukuta Wangu

Mdogo wangu amejenga nyuma yangu, na sitasema nyumba ni mbaya. Ni nzuri. Ina baraza pana, ina jiko lenye vigae vyeupe hadi juu, na ina chumba cha mama chenye bafu lake ndani. Hicho chumba ndicho kilichoninyima usingizi. Mama anaishi kwangu tangu baba afariki. Namshonea magauni kwa cherehani yangu, najua chai yake anavyoitaka, halafu kitindamimba anaezeka bati tu na mama anaanza kukunja nguo!

Nyumba yangu inatazama mtaa. Kwake kunafikiwa kwa njia aliyoiacha baba kando ya kiwanja changu alipotugawia ardhi. Ni njia ya ndugu wawili tu, lakini halmashauri haijali hilo. Ikishahudumia nyumba ya nyuma, ni barabara ya binafsi, na barabara ya binafsi ina masharti. Iwe pana magari yapishane. Iwe na mfereji wa maji ya mvua. Mwisho wake gari la zimamoto liweze kugeuka. Na pale inapotokea mtaani, kona iwe wazi ili dereva aone anayekuja. Bila hayo, hakuna kibali cha kuhamia.

Mdogo wangu alitimiza yote mbio mbio, kama kawaida yake. Ikabaki kona.

Afisa wa halmashauri alikuja na kiti cha plastiki. Nilidhani anataka kupumzika, kumbe ndivyo anavyopima. Akakiweka kwenye mdomo wa njia, akakaa, mikono mbele kana kwamba ameshika usukani, akamtuma mdogo wangu atembee mtaani kutokea upande wangu.

"Simwoni," akasema. "Bado simwoni."

Mdogo wangu alipochomoza, alikuwa karibu kumkalia mapajani.

"Hapo nimeshakugonga, dada," afisa akamwambia. Kisha akanigeukia. "Huu ukuta ni wa nani?"

"Wangu. Na ulikuwepo kabla ya barabara yenu."

"Kweli, siwezi kukulazimisha. Lakini kona isipokatwa, sisaini."

Nikajitia hamnazo, nikarudi kwenye cherehani. Ndani kwa ndani nilikuwa nachekelea. Ukuta ukibaki, nyumba haihamiwi, na nyumba isipohamiwa, mama ni wangu. Jioni nikampikia vizuri kuliko siku zote. Alikula, begi lake limefungwa, liko miguuni.

Mdogo wangu hakuja kugomba. Angegomba ningemmudu, mdomo ninao. Alikuja na ile sauti yake ya chini, akakaa karibu na mama.

"Dada asisumbuliwe. Nitavunja jiko langu, barabara itokee mtaa wa nyuma. Kule hakuna ukuta."

"Jiko lako jipya?" mama akauliza.

"Jiko ni matofali tu, mama. Ninayemtaka ni wewe."

Mama akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Moyo gani huu niliouzaa mimi!"

Na mimi nimekaa pale pale, niliyezaliwa kwanza, wala hakuna aliyeuliza moyo wangu ulizaliwa na nani. Kichwa kikaniwaka. Niliona jinsi itakavyokuwa: kila mgeni ataonyeshwa mahali jiko lilipokuwa, ataambiwa nani alilivunja na kwa sababu ya roho mbaya ya nani. Yeye atakuwa malaika, mimi jirani wa malaika. Hapana. Jiko hilo halivunjwi, na asijaribu.

Asubuhi walipokwenda pamoja kumtafuta fundi wa kubomoa, nikaazima nyundo kubwa kwa mwashi wa jirani. Hakuniuliza kitu, uso wangu ulimtosha. Niliupiga ukuta wangu huku natukana. Nikalipigia lile baraza, nikavipigia vile vigae, na kwa ajili ya bafu la ndani nikapiga mpaka mikono ikatoka malengelenge. Ukuta ulipolala chini nilikuwa nahema, vumbi hadi kwenye kope, na kwa mara ya kwanza tangu msingi wa nyumba ile uchimbwe nilijisikia kweli mimi ndiye mkubwa. Sasa mama aje aseme tena habari za mioyo. Kwamba nimeshamfungulia njia ya kuondokea, hilo lilinijia nyundo ikiwa tayari chini.

Afisa akaitwa. Akakaa kwenye kiti chake, akamwona mdogo wangu tangu mbali, akasaini.

Mama akatoka na begi. Akatazama kifusi, akatazama mikono yangu, macho yakamjaa machozi. Nikajipangusa vumbi, nikasogea karibu.

"Nilijua tu," akasema, na akamshika mdogo wangu shavu. "Nilijua utamlainisha dada yako. Wewe hakuna usiyemweza."

"Mama, mimi sikumwambia neno. Ni yeye mwenyewe..."

"Tena mnyenyekevu," mama akasema, akapanda gari la mdogo wangu, safari ya hadi nyuma ya nyumba yangu tu.