Dakika Kumi na Moja Bila Nukta

Lisilosemwa ndilo lipo. Lisemwalo huwa limekwisha kupigwa pasi, likakunjwa na kutiwa kwenye taarifa, na taarifa za kiwanda kile cha karatasi zilinyooshwa kuliko suruali za meneja wake.

Jumatatu, saa nne asubuhi, mchora chati alifuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta kwa mkono wa sweta, akafungua presha ya boila ya miezi saba nyuma. Kazi yake ilikuwa hiyo. Kila dakika kihisi kilichofungwa kwenye boila kilituma namba, programu ikaigeuza namba kuwa nukta, na mstari ukaziunganisha nukta ili wakubwa waone presha ilivyopanda na kushuka bila kusumbuka kusoma. Chumba kizima cha mitambo kilimwita Shemeji, maana mume wake, fundi boila, alikuwa rafiki wa kila mtu. Fundi boila alifia kazini, bomba la mvuke lilipopasuka. Jina la Shemeji lilibaki, kama msumari unavyobaki ukutani picha ikishaondolewa.

Wakaguzi walikuwa wanakuja Alhamisi kuiangalia siku ile ya bomba. Kwenye chati, siku yenyewe ilikuwa shwari. Kuanzia saa nne na dakika nane hadi saa nne na dakika kumi na tisa, mstari ulinyooka kama uzi wa mwashi. Shemeji alikuwa na miaka tisa kwenye kiti kile, na alijua boila haitulii hivyo. Hata maji ya ndoo hutikisika mtu akipita. Akatafuta kisanduku kilichoandikwa "Unganisha nukta", akaondoa alama ya vema.

Mstari ukatoweka. Zikabaki nukta peke yake, zimejipanga kama watu kwenye foleni, na katikati yao pengo. Nukta kumi hazikuwepo. Programu ilikuwa imeliruka pengo kwa sababu meneja aliagiza hivyo zamani. Alisema mstari uliokatika ni kama jino lililong'oka, na mteja hapendi kiwanda kibogoyo.

Pengo lilikuwa na upana wa kidole. Saa ya ukutani ilipofika saa nne na dakika nane, mvuke ulianza kutoka humo. Shemeji alisogeza karatasi zisilowe, akakuza chati mpaka pengo likawa sawa na mlango wa kabati, akamwona mume wake amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, glavu moja mkononi, ya pili ameipoteza kama siku zote.

"Umechelewa," alisema fundi boila.

"Nilikuwa naangalia mstari."

"Wewe na mistari yako."

Alisema bila ubaya. Akauliza kama bomba la jikoni bado linadondosha. Linadondosha. Akamweleza washa ya kununua, ile pete ya mpira ya kuziba bomba, akarudia mara mbili kwa sababu alijua mke wake husahau ukubwa. Kisha akasimulia, bila kuulizwa, kwamba siku ile presha ilikuwa imepanda, na kama king'ora kingelia mashine zingesimama na mzigo ulikuwa unasubiriwa. Meneja alishuka mwenyewe, akamwambia achomoe waya wa kihisi. Alimjibu meneja kwamba hiyo ni hatari. Meneja akasema ni dakika kumi tu.

"Aliongopa kwa dakika moja," alisema fundi boila, na dakika ya kumi na tisa ilipofika akainuka, akaondoka kama mtu aliyeitwa chumba cha pili.

Kesho yake, saa ileile, alikuwa tena juu ya ndoo. Mara hii mama mkwe alikuwepo, amebeba sweta la sufu. Mlinzi wa getini alikuwa amemwandika kwenye daftari la wageni, na penye "anakwenda kumwona nani" akajaza "mwanawe". Bibi alisogeza uso karibu na kioo, akamkagua kijana wake juu mpaka chini.

"Umekonda."

"Mama, niko vilevile."

"Ndiyo ubaya wenyewe," alisema mama mkwe, akakunja sweta mapajani, maana humo ndani kulikuwa na joto na hakuna aliyelihitaji.

Mkono wa fundi boila uliweza kutoka hadi bega. Shemeji aliushika. Ulikuwa wa moto kama glasi ya chai, na kwenye kidole gumba palikuwa na kovu ambalo kwa miezi saba alikuwa akibishana na nafsi yake kama lilikuwa la kulia au la kushoto. Lilikuwa la kushoto. Miezi hiyo saba alikuwa amelala upande wake wa kitanda bila kuvuka katikati, na kila asubuhi alitandika upande mmoja tu. Akamvuta. Bega likagota.

"Huko nje kuna namba," alisema mumewe. "Hii kitu humweka mtu pasipo na namba tu. Usinivunje bega."

Jumatano meneja alipita, akasimama nyuma ya kiti cha Shemeji, akasalimia kwa adabu kama anavyosalimia zamu yoyote.

"Fundi. Habari za huko?"

"Joto."

Meneja alitikisa kichwa. Akauliza kama suala la waya limezungumzwa. Fundi boila alisema amemweleza mkewe. Meneja akaangalia saa, akasema ana kikao.

Alhamisi wakaguzi wawili walikaa mbele ya kompyuta dakika zote kumi na moja. Walimsikiliza fundi boila vizuri, wala hawakumkatiza, na mmoja alilazimika kufuta miwani mara tatu kwa ajili ya mvuke. Mwishoni walimshukuru fundi boila. Kisha yule mkubwa alimweleza Shemeji kwa upole kwamba maelezo ya mumewe hayana kipimo, na fomu ina nafasi ya namba tu. Waliomba chati iliyounganishwa. Meneja akaichapa kutoka mezani kwake, mstari umenyooka, nao wakaitia sahihi.

Ijumaa saa tatu meneja alimwita ofisini. Barua ilikuwa tayari imeandikwa: kwamba mchora chati alifuta nukta kumi kwa uzembe wake, na anaomba radhi. Akisaini, angebaki na kiti chake na kompyuta yake, na lile pengo lingeachwa wazi kwake mpaka astaafu. Asiposaini, angehamishiwa stoo ya karatasi, ambako hakuna kompyuta, na chati ingefungwa ikiwa imeunganishwa.

"Shemeji, mimi nakufikiria wewe," alisema meneja. "Dakika kumi na moja kila siku. Mjane gani anazipata?"

Hapo hakuwa anaongopa. Shemeji alimwomba asubiri hadi saa nne na dakika ishirini.

Saa nne na dakika nane alimweleza mumewe yote. Fundi boila alivua glavu.

"Ulizifuta?"

"Hazikuwepo."

"Basi. Lete mkono."

Walikaa hivyo. Shemeji alilipapasa kovu kwa kidole, taratibu, kama mtu anayejifunza njia ya kwao gizani. Dakika ya kumi na tisa ilipofika mumewe aliinuka, akaenda bila kuaga, kwa sababu tangu zamani hakuwahi kuweza kuaga.

Alirudi ofisini kiganja chake kikiwa bado cha moto. Kalamu ilikuwa juu ya barua, imeshafunguliwa kifuniko. Pembeni yake lilikuwa faili la wakaguzi, na ndani yake presha ilikuwa shwari.

Shemeji aliisukuma kalamu mpaka upande wa pili wa meza. Meneja akashusha pumzi, akasema hata kusaini si lazima, wanaweza kuimaliza kienyeji, atamke tu samahani kwa mdomo na arudi kwenye kiti chake.

"Hata ya mdomo," alisema Shemeji, "siombi."