Viwavi Waliokuja Kushukuru

Jumatatu saa mbili asubuhi, Mama Chupa alikuwa akikagua seli kwa hadubini mlinzi alipompigia simu kutoka getini. Viwavi kama mia mbili walikuwa wamepanga foleni, wanataka kumwona meneja.

"Wana miadi?" akauliza.

"Hawana. Ila adabu wanayo."

Kazi ya Mama Chupa ilikuwa kukuza seli zilizotolewa zamani kwa kiwavi mmoja, ambazo ziliendelea kugawanyika chupani bila mwenyewe. Zikijaa hutiwa virusi vilivyopachikwa sumu ya nge, navyo huzaana humo mpaka vipatikane vya kutosha kutengeneza dawa ya kupuliza mashambani. Kiwavi akiila dawa hiyo hamalizi wiki. Ndivyo kibandiko kilivyosema.

Wageni walikaa mapokezi hadi saa sita. Walikuwa wanene, wamenawiri, kila mmoja ana kipande cha jani la mhindi mdomoni. Meneja alipopita walimwekea majani miguuni. Akapangusa viatu, akapanda ngazi.

"Wanamshukuru," mlinzi akasema. "Na mtu hashukuriwi bure."

Maneno hayo yalimkaa Mama Chupa rohoni. Dada yake, mjane mwenye shamba moja na watoto watatu, alikuwa amepuliza dawa ileile, tena kwa kumsikiliza yeye.

Akaenda kwenye friza. Kanuni ilikuwa kwamba kila pipa jipya la dawa lianzishwe kwa virusi mama, vile vya kwanza vilivyogandishwa, maana virusi vikihamishwa mno, pipa hadi pipa, huitupa ile sumu kama mchukuzi anayejipunguzia mzigo. Sanduku la virusi mama lilikuwa limegandiana na barafu, utepe haujakatwa tangu mwaka juzi. Kumbe miaka yote miwili walikuwa wakianzisha pipa kwa mabaki ya pipa.

"Kuanza upya ni wiki sita," meneja alisema alipompelekea habari. "Virusi ni virusi. Na wewe, nani aliwaelekeza viwavi ofisini kwangu?"

Tangu hapo wenzake walinyamaza kila alipoingia chumba cha chai. "Kikulacho ki nguoni mwako," karani alisema, akimtazama yeye. Iliuma.

Alikataa kusaini fomu ya kuruhusu mzigo mpya wa dawa utoke. Meneja akaisaini mwenyewe.

Ijumaa dada yake akapiga simu.

"Wamebakiza mabua, mdogo wangu. Ila nimepanda tena, na nasikia mzigo mpya unakuja."

"Dada, usiinunue hiyo dawa."

"Si wewe uliyeniambia niiamini?" dada akauliza. "Sasa mwaka huu mmeiboresha, mnataka kuwapa wenye nafasi? Nimeshaagiza." Akakata.

Saa tisa lori lilitoka getini na katoni zake. Viwavi, ambao tangu Jumatatu walikuwa hawajaondoka getini, walijisogeza kando lipite, wakangoja vumbi litue, kisha wakapanga foleni nyuma yake. Mlinzi alifungua daftari la wageni, akaandika saa waliyoondoka.